Bega la Mpiga Makachu



Jioni maji yanapojaa, vijana huruka baharini kutoka ukuta wa Forodhani, Mji Mkongwe. Mchezo huo huitwa makachu. Kijana wetu mmoja aliangukia vibaya, bega likachomoka. Daktari alilirudisha, akaufunga mkono, akamwamuru asubiri miezi. Maumivu yalipopoa tu, akaruka tena. Bega likatoka mara ya pili.

Tusimcheke. Bega huzunguka kwa uhuru kuliko viungo vingine vyote, na ndiyo maana huchomoka upesi. Nguvu zake hurudi kwa mazoezi madogo, ya kila siku, yenye kuchosha. Nasi je? Twatoka kwenye maungamo tukidhani tumekwisha kupona. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1459, yafundisha kwamba ondoleo huifuta dhambi, lakini haliponyi madhara yote iliyoyaacha. Ndiyo sababu ya malipizi, ambayo wengi wetu (mapadre tukiwamo) huyatimiza mbiombio.

Sasa kijana yule hufanya mazoezi yake, kisha huketi ukutani akiwatazama wenzake. Majuzi alituuliza, “Padre, mpaka lini?” Hatukuwa na jibu. Tuliketi naye hadi adhana ya magharibi.