Mkopo wa Nyumba kwa Aliyejiajiri

Msikilizaji, fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anaweza kuingiza fedha nyingi kuliko karani wa ofisini. Lakini wakienda benki kuomba mkopo wa kujenga nyumba ya kupangisha, karani ndiye anayesikilizwa kwanza. Ana hati ya mshahara. Fundi ana daftari, pengine hata hilo hana.

Kwa hiyo jiandae mapema, angalau mwaka mzima kabla ya kuomba. Mauzo yapite kwenye akaunti ya biashara, si mfukoni. Lipa kodi kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kulingana na mapato yako halisi. Anayetangaza mapato madogo ili akwepe kodi, benki nayo itampimia mkopo kwa udogo huohuo, na hapa ndipo wengi wanapoumia.

Kiwanja nacho kiwe na hati miliki. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa haitoshi kusajili rehani. Na kama dhamana ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi wako. Mshirikishe kabla hujasaini. Kisha tenga akiba ya marejesho ya miezi kadhaa, maana wapangaji huchelewa kulipa na benki haingoji.