Vijana Wetu Nje ya Lango la Chuo

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza sisi watatu tusimame mbele yenu, tutoe habari za safari yetu ya kwenda kumtazama kijana wetu anayesoma katika chuo kimoja cha kilimo, upande wa Bonde la Ufa. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kukiri kosa, kisha kuomba mambo matatu.

Mtakumbuka ya kuwa katika mkutano wa mwaka jana mzee wetu mmoja alieleza kwamba, alipopita huko kwa shughuli zake, alimkuta kijana huyo barabarani siku ya masomo, saa nne za asubuhi, mkononi ana chupa. Chupa ile ilitutosha. Hatukuuliza ndani yake mlikuwa na nini. Tulimwandikia barua kali, tukamzuilia fedha za chumba na za chakula kwa muhula mzima. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nasi tulikwenda mbio.

Yafaa kwanza tuwaeleze maisha ya huko, kwani wengi wetu twadhani mwanafunzi wa chuo hulala katika bweni na kuitwa chakulani kwa kengele. Sivyo. Vitanda vya chuo ni vichache kuliko wanafunzi, na wengi hupanga vyumba nje ya lango, katika nyumba za mabati zilizojengwa kwa safu. Chumba kimoja kina godoro, meza, jiko la gesi na ndoo mbili. Maji hununuliwa kwa mtungi. Mvua ikinyesha, njia ya kwenda darasani huwa tope tupu. Mwenye nyumba hudai kodi mwanzo wa mwezi, wala hangoji mkopo wa serikali ufike. Tena wasichana hutoka maktabani usiku, wakapita njia isiyo na taa. Nao hungojana ili watembee pamoja.

Tulimkuta kijana wetu hana chumba tena. Alikuwa akilala sakafuni kwa wenzake wawili, na kila Jumamosi akibeba magunia sokoni apate chakula. Katika mfuko wake mlikuwa na barua ya kuomba kuacha masomo. Alikuwa ameiandika, lakini alikuwa hajaipeleka. Ndugu wanachama, barua ile tuliiandika sisi kwa mkono wake.

Tulipomwuliza habari ya chupa, hakujibu neno. Alituchukua hadi kwa mama mmoja mjane, jirani wa chuo, aliyekuwa ameanika mahindi yake. Alitwaa chupa kavu yenye kifuniko, akatia punje kiasi na chumvi kavu kidogo, akaitikisa vizuri, kisha akaiacha itulie kwa muda wa dakika 15. Chumvi ilishika ubavuni mwa chupa. Akasema, “Mama, bado yana maji. Yarudishe juani.” Mama akaona kwa macho yake mwenyewe, na hakuhitaji kuhubiriwa. Chupa hiyo huonyesha ubichi ulio wazi tu. Mahindi ya ghalani yatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na hapo ndipo wanafunzi huleta kipimo cha chuo. Hiyo ndiyo kazi yao ya nje ya lango. Huenda mashambani kwa zamu, siku za masomo na siku za mapumziko.

Sisi watu wa Ukambani hatuna haki ya kuidharau kazi hiyo. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na huko Makueni, Kitui na wilaya jirani watu 317 waliugua, 125 kati yao wakafariki. Sumu hiyo haionekani kwa jicho, wala haiondoki kwa kupikwa. Lau kila boma lingalikuwa na chupa na chumvi, na mtu wa kuonyesha, huenda tungalizika watu wachache zaidi.

Wala desturi ya chuo kutoka nje ya lango si jambo la jana. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama, Marekani, Booker T. Washington alianzisha chuo cha watu weusi mwaka 1881, mahali pa mashamba ya pamba. Wanafunzi walifyatua matofali ya majengo yao wenyewe. Tanuri ziliharibika mara tatu, naye akaweka saa yake rehani kwa dola 15 ili wajaribu mara ya nne, wakafaulu. Mwaka 1906 chuo hicho, kwa shauri la mwalimu George Washington Carver, kilitoa gari la kukokotwa na nyumbu, lililobeba majembe, mbegu na vyombo vya maziwa, likawaendea wakulima ambao hawangeweza kufika darasani. Fikira hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes hapa kwetu Kabete, ambako walimu walifika pamoja na wake zao, wote wakajifunza, ili warudi kuviendeleza vijiji na si shule peke yake.

Hatusemi kwamba kila kijana atokaye langoni huenda kwa mjane. Tuliona kwa macho yetu vilabu vya pombe karibu na lango, na ndani yake tuliona wanafunzi. Mzazi asiyeuliza habari atadanganywa. Lakini kuuliza ni kazi moja, na kuhukumu kwa mbali ni nyingine. Tulifanya ya pili, tukaiacha ya kwanza.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, fedha tulizozuia zirudishwe zote, na kodi ya chumba ilipwe kabla ya muhula kuanza. Pili, Chama kisimzuilie mwanafunzi yeyote fedha kabla ya watu wawili kwenda kumwona, na yeye mwenyewe kusikizwa. Tatu, kila kijana anayesaidiwa na Chama atuletee elimu yake wakati wa likizo, mbele ya baraza, kabla hatujaweka mavuno ghalani.

Yule mzee aliyeleta habari ya chupa alikuwa mmoja wetu katika safari hii. Yeye ndiye aliyelipa nauli ya kijana kuja nyumbani likizo hii, na yeye ndiye aliyemwomba aende kwake kwanza. Kijana yupo hapa nasi, amekaa nyuma. Barua yake ameichana. Ameleta chupa yake, na mkutano ukiisha atawaonyesha akina mama pale mlangoni. Mwenye mahindi na alete kibaba kimoja.

Ni sisi watumishi wenu.