Muhula wa Tatu na Watoto wa Gredi ya Nne Hadi ya Sita
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama, Kithimani



Niliombwa niseme juu ya elimu, nalo ni neno pana kama uwanda wa Yatta. Mtu aweza kulizunguka mchana kutwa asifike popote. Kwa hiyo nimeona afadhali nishike pembe moja tu, nayo ni majuma tisa ya muhula wa tatu, na watoto wetu wa gredi ya nne, ya tano na ya sita.

Pengine mtaniuliza kwa nini hao. Wale wadogo wa gredi tatu za kwanza hatuwatumi kazi nzito, maana hawaiwezi. Wale wakubwa wa sekondari ya msingi wamekwisha kuwa na ulimi wa kujitetea. Bali hawa wa katikati, wa miaka tisa hadi kumi na miwili, wana nguvu za kutosha kubeba mtungi wa maji, lakini hawana neno la kumwambia mzazi, "Leo nina hesabu." Basi wao ndio huchukuliwa.

Tena umri huo ndio wenye kizingiti. Kwa utaratibu wa serikali, mtoto wa gredi tatu za kwanza hufundishwa kwa lugha inayosemwa mahali anapoishi, kwetu hapa Kikamba. Akifika gredi ya nne, masomo yote, ila Kiswahili chenyewe, hugeuka kuwa kwa Kiingereza. Nimefundisha miaka mingi kabla sijastaafu, nami nimeliona jambo hili mara nyingi mno: mtoto aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono katika gredi ya tatu hunyamaza kabisa katika gredi ya nne. Akili zake hazikupungua. Anatafuta maneno. Mtoto wa namna hiyo akikosa siku moja hukosa somo, na pia hukosa maneno ambayo somo la kesho yake litajengwa juu yake.

Wazee walionizidi umri wakumbuka mtihani wa darasa la nne. Baada ya Taarifa ya Beecher ya mwaka 1949, mwendo wa shule za Waafrika uligawanywa katika miaka minne, tena minne, tena minne, na mlangoni pa kwanza ukawekwa mtihani wa kuchuja. Mtoto aliyeshindwa siku ile alirudi kuchunga, na wengi wao hawakushika kalamu tena. Baadaye ulikuja mtihani wa CPE, uliodumu tangu 1966 hata 1984, kisha KCPE tangu 1985 hata 2023. Mitihani hiyo ilitufundisha sisi wazazi tabia moja ambayo hatujaiacha. Ilitufundisha kwamba mtihani ni siku chache, tena uko mbali, mwisho wa njia. Na kwa sababu hiyo mtoto wa darasa la tano akikosa juma moja, si neno, atalipata mbele.

Mambo hayako hivyo sasa. Tangu mwaka 1922 hadi leo serikali zimebadilisha mengi katika elimu, lakini badiliko la mwaka 2022 latugusa sisi hasa, maana ndio mwaka ambapo watoto wa gredi ya sita walianza kufanya tathmini ya taifa iitwayo KPSEA. Tathmini hiyo haimfukuzi mtu shuleni, na wote huendelea gredi ya saba. Hapo ndipo wazazi wengi husema, "Basi haina kazi." Walakini alama zake hazitupwi. Huwekwa mpaka mtoto amalize gredi ya tisa, na anapopangiwa shule ya sekondari ya juu huhesabiwa kuwa asilimia 20. Asilimia 20 nyingine hutoka katika tathmini za gredi ya saba na ya nane, na asilimia 60 katika mtihani wa gredi ya tisa. Kundi la kwanza lililopangwa kwa njia hiyo liliingia gredi ya kumi Januari 2026. Kwa maneno mengine, mtoto wa miaka kumi na miwili amekwisha kuweka akiba yake, kubwa au ndogo, na mzazi hakumwona akiiweka.

Sasa tuiangalie kalenda, maana nayo imesogea. Enzi zetu muhula wa tatu ulifika hata Novemba, na mvua ya nthwa, yaani vuli, ikatukuta darasani. Hilo lilikuwa shida yake, kwa kuwa sisi wa Ukambani tumeitegemea vuli kuliko masika, na mvua ya kwanza ikinyesha hakuna mzee awezaye kungoja. Mwaka 2025 muhula ulifunguliwa tarehe 25 Agosti ukafungwa tarehe 24 Oktoba, na watoto wa gredi ya sita wakafanya tathmini yao juma lililofuata. (Huko Uingereza Septemba ndio mwaka wa shule huanza, watoto wakiwa na madaftari mapya, kwetu sisi ndio daftari limebaki kurasa chache.) Kwa hiyo kazi yenyewe ya kupanda na kupalilia sasa yaangukia likizo ndefu ya Novemba na Desemba, wakati mtoto yu nyumbani na hakuna anayemnyang'anya mwalimu kitu. Sina neno juu ya kazi ya likizo. Mtoto asiyejua kushika jembe ni hasara pia.

Basi tukiwa tumepewa likizo nzima ya mvua, yatupasa kujiuliza kwa nini bado twawatoa shuleni Septemba.

Nafikiri ni kwa sababu Septemba ni mwezi mkavu na wa njaa ndogo, na kila nyumba ina sababu yake. Walio karibu na mfereji wa Yatta, ule uliochimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini, wanayo maji ya mto Thika na mboga hata wakati wa kiangazi. Kwao kuna kuchuma maharagwe machanga ya kuuzwa ng'ambo, na kazi hiyo hulipwa kwa kilo. Vidole vidogo huchuma upesi, na mama mwenye deni dukani huona shilingi iko karibu. Walio mbali na mfereji hawana maharagwe, wana foleni ya maji. Jina la Kithimani latokana na kithima, yaani kisima, na bado mtoto wa Kithimani hufika shuleni saa nne kwa sababu alikuwa kisimani. Tena kuna siku ya soko, ambayo mtoto hubaki nyumbani kulinda mji na kuwaangalia wadogo zake.

Siku moja kwa juma yaonekana ndogo. Nimeihesabu. Muhula ule wa mwaka 2025 ulikuwa na siku za shule 45. Toeni tarehe 10 na tarehe 20 Oktoba, ambazo ni sikukuu za taifa, zabaki 43. Mtoto akikosa siku moja katika kila juma la yale tisa, amekosa 9 katika 43. Ni zaidi ya moja katika kila tano. Hakuna mwanachama hapa ambaye angemlipa kibarua mshahara kamili kwa kazi ya namna hiyo, lakini mtoto wetu tunamdai alama kamili.

Nina haki ya kusema hivi kwa kuwa limenipata. Mwaka 1971 nilikuwa darasa la sita. Mvua iliponyesha baba aliniambia nishike kamba ya fahali mbele ya plau, nami niliishika siku kumi na moja. Mzee wangu hakuwa adui wa elimu. Ndiye aliyenilipia karo wakati majirani walimcheka. Niliporudi darasani niliwakuta wenzangu wanagawanya sehemu kwa sehemu, wanaigeuza ile ya pili juu chini kisha wanazidisha. Nilijifunza kugeuza kwa kuwatazama, lakini sikujua kwa nini igeuzwe, na nilikuwa na haya ya kuuliza. Mwaka uliofuata, katika CPE, kila swali lililokuwa na sehemu ndani yake lilinishinda. Nikarudia darasa la saba mwaka mzima. Baba aliuza ndama kulipa karo ya mwaka huo wa pili. Hakuwahi kusema lolote juu ya zile siku kumi na moja, wala mimi sikumkumbusha. Bali siku ile ndama anatolewa zizini nilimwona akimfuata kwa macho mpaka barabarani.

Mtasema, "Elimu ni kazi ya serikali." Ni kweli kwamba tangu 2003 shule za msingi za umma hazitozi karo ya masomo. Nasi tukadhani kwamba bila karo maana yake ni bila mzazi. Pia twanung'unika kwamba mtaala huu mpya watutuma sisi wazee kutafuta maboksi na mbegu usiku. Mimi mwenyewe nimetafuta boksi la mjukuu saa tatu ya usiku, nikiwa na hasira. Walakini siku nyingine aliniuliza jinsi bibi yake anavyohifadhi kunde zisiliwe na fukusi, kwa somo la kilimo, nikamweleza habari ya majivu, akaandika. Mzee asiyejua Kiingereza anao ujuzi kama huo. Na hata asipokuwa nao, aweza kumwambia mtoto jioni, "Nieleze kwa Kikamba uliyofundishwa leo." Mtoto akiweza kueleza, amelielewa somo, akishindwa, kesho amwulize mwalimu. Hiyo haihitaji hata senti.

Naja sasa kwenye jambo la fedha, ambalo najua halitawapendeza wote.

Kila mwisho wa mwaka chama chetu huwapa zawadi watoto walioshika nafasi za mbele. Mimi nimewahi kusimama hapa kuzigawa, nikapigiwa makofi. Lakini nimeangalia ni nani huja kuzipokea, na karibu wote ni watoto wa nyumba zenye taa, zenye tangi la maji, na zenye chakula cha mchana. Hao wangefanya vizuri hata bila sahani yetu ya ukutani. Yule aliyetembea kilomita nne akiwa na tumbo tupu, akasinzia saa nane mwalimu akiwa ubaoni, hatujampa kitu. Walimu husema wazi kwamba katika muhula wa tatu, mahali pasipo na chakula, alasiri haina mafunzo.

Kwa hiyo nataka kutoa hoja. Fedha za zawadi ziachwe kwa muda wa miaka miwili, zinunue mahindi na maharagwe ya isyo kwa watoto wa gredi ya nne, ya tano na ya sita, kuanzia siku ya kufungua muhula wa tatu mpaka siku ya tathmini. Tusiyanunue Septemba, maana Septemba bei iko juu na ghala ni tupu. Tununue na kuchanga mwezi wa Februari, mavuno ya vuli yakiwa yameingia, kila nyumba ikitoa kadiri ya uwezo wake, na nafaka ziwekwe katika magunia yasiyopitisha hewa chini ya ufunguo wa Kamati. Kuni zitoke kwa wazazi kwa zamu. Na mzazi ambaye mtoto wake ataonekana shambani au kisimani saa za shule katika majuma hayo tisa, atembelewe nyumbani na wazee wawili, kwa upole, bila faini, wamwulize shida yake ni nini. Ikiwa shida ni maji, baadhi yetu tuna punda wanaoshinda bure siku za juma.

Najua wako waliokwisha kuahidi watoto wao zawadi za mwaka huu. Ahadi hizo zitimizwe; hoja yangu yaanza mwaka ujao.

Bwana Mwenyekiti, namwomba Mweka Hazina atusomee kwanza hesabu ya zawadi za mwaka uliopita, ili wanachama wajue ni fedha ngapi tunazozungumzia. Kisha naomba mwanachama mmoja aniunge mkono, na kura ipigwe.