Ligi Kuu ya Wanawake Huanzia Kwenye Kiwanja cha Kata



Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania ni changa. Ilianza msimu wa 2016/17, chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), ikiwa na timu 12 zilizogawanywa katika makundi mawili. Kabla ya hapo nchi ilikuwa na timu ya taifa, Twiga Stars, lakini haikuwa na ligi ya kitaifa ya kuilisha. Mwaka 2010 Twiga Stars walifika fainali za Afrika nchini Afrika Kusini, kisha ikapita miaka 15 kabla ya kurudi katika fainali hizo, nchini Morocco, Julai 2025. Timu ya taifa isiyo na ligi nyuma yake ni kama mtungi usio na kisima: unaweza kujaa siku moja kwa bahati ya mvua, ila hauwezi kujaa kila siku.

Bingwa wa kwanza hakutoka jijini. Alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu ya Morogoro, mkoani Pwani. Jambo hilo linastahili kukumbukwa katika kila kata ya nchi hii, kwa maana limethibitisha kwamba vipaji havichagui anwani. Hata hivyo, kilichofuata nacho kina funzo lake. Tangu msimu wa 2017/18 hadi 2024/25, ubingwa umekwenda kwa timu mbili tu, JKT Queens na Simba Queens, kila moja mara nne. Ya kwanza ina jeshi nyuma yake. Ya pili ina klabu kubwa yenye mashabiki nchi nzima.

Sababu si fumbo. Timu ya ligi husafiri kutoka mkoa hadi mkoa, hulala, hula, hutibiwa, na wachezaji wake huhitaji posho ili waweze kufanya mazoezi bila kuacha familia zao na njaa. Mapato ya mlangoni katika mechi za wanawake hayatoshi kubeba mzigo huo. Kwa muda fulani ligi ilibeba jina la mdhamini, Serengeti Lite, na msaada wa namna hiyo husaidia. Lakini timu isiyo na taasisi ya kudumu huyumba udhamini unapopungua. Masharti ya leseni za Shirikisho la Afrika (CAF), yanayoitaka klabu inayoshiriki mashindano ya Afrika ya wanaume iwe pia na timu ya wanawake, yamezisukuma klabu kubwa kuwekeza. Faida yake ni kubwa. Upande wa pili ni kwamba timu za miji midogo zimezidi kuachwa nyuma.

Matunda ya ligi hii yanaonekana. Mwaka 2022 Simba Queens walishika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake. Mwaka huohuo wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, waliishinda Ufaransa mabao 2 kwa 1 katika Kombe la Dunia nchini India, wakafika robo fainali. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga, naye aliyepita Yanga Princess, anachezea Al Nassr ya Saudi Arabia.

Ndugu wananchi, hakuna hata mmoja kati ya wachezaji hao aliyezaliwa ndani ya Ligi Kuu. Ligi ni paa. Msingi ni shule ya msingi, mashindano ya UMITASHUMTA, shule ya sekondari, mashindano ya UMISSETA, na kiwanja cha mtaani. Samaki mkunje angali mbichi. Msichana anayeanza kufundishwa akiwa na miaka 18 atakuwa amechelewa, hata akiwa na miguu ya dhahabu.

Hapa ndipo huduma za kata zinapoingia. Saa kumi jioni kiwanja hujaa wavulana. Saa hiyohiyo msichana yuko njiani na ndoo, au jikoni. Kituo cha maji kikiwa mbali, mazoezi yake yamekwisha kabla hayajaanza. Kwa hiyo bomba linalofika karibu na nyumba ni huduma ya maji, na kwa binti huyo ni huduma ya michezo pia. Vivyo hivyo kwa kiwanja: eneo la wazi likimegwa kwa vibanda na makazi, wavulana watahamia barabarani, wasichana watarudi ndani.

Yako mambo yanayowezekana bila kusubiri bajeti kubwa. Mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa unaweza kudai mipaka ya kiwanja ipimwe na kuwekewa alama. Kamati inaweza kupanga ratiba inayowapa wasichana siku zao, mapema kabla ya giza. Choo chenye mlango na maji, na mahali pa kubadilishia nguo, huamua kama binti aliyevunja ungo ataendelea kucheza au ataacha. Timu ya wasichana iwe na mlezi mwanamke anayeaminika na wazazi, na pasiwe na safari ya mechi bila mlezi huyo kuwapo. Afisa michezo wa wilaya na chama cha mpira cha wilaya ndio mlango wa kusajili timu na kupanda ngazi kuelekea ligi za mkoa na taifa.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba mpira utamtoa binti darasani. Hofu hiyo isidharauliwe, kwa kuwa watakaoishi kwa soka ni wachache. Jibu lake ni kuufunga mpira na shule: asiyehudhuria masomo asicheze. Kwa utaratibu huo, binti atakayefika Ligi Kuu atafika akiwa na elimu yake, na asiyefika atabaki nayo.

Mlandizi waliwahi kulitwaa kombe. Kata itakayolinda kiwanja chake leo itakuwa na haki ya kulitamani kesho.