Makamo na Kazi Mpya



Jambo la leo ni la mtu aliyefika makamo, yaani miaka arobaini na kuendelea, kisha kazi aliyoizoea ikamtoka mkononi. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipojiwa na wahyi katika pango la Hira alikuwa na miaka arobaini, mtu wa biashara, mwenye mke na watoto. Basi umri huo si wa kufunga virago.

Lakini mfano hauna haja ya kutafutwa Makka. Uko Dranya, gombolola ya Koboko, wilaya iliyokatwa kutoka Arua mwaka 2005. Tangu zama za K.A.R. vijana wengi wa West Nile, Wakakwa na Walugbara, waliingia jeshini. Huko walipata mshahara, nidhamu na Kiswahili, lugha ya amri iliyowaunganisha na watu wa makabila mengine. Kijana aliondoka kwao hajashika jembe sawasawa, akafikia utu uzima kambini. Mwezi wa Aprili 1979 serikali ya Idi Amin ilianguka, na mshahara ukaanguka nayo. Oktoba 1980 vita vikafika West Nile kwenyewe, watu wakavuka mipaka kwa maelfu, wengine Zaire, ndiyo Kongo ya leo, na wengine Sudani. Aliyekuwa sajini akawa mkimbizi, akingoja posho katika safu, nyuma ya mtoto wa jirani.

Hapo ndipo penye mtihani. Umaskini ni mzito, ila cheo kisicho na kazi ni kizito zaidi. Walikuwapo waliokaa chini ya mwembe mwaka baada ya mwaka, wakitajiana vyeo vyao na kungoja kuitwa. Haifai kuwacheka, mtu aliyepigiwa saluti miaka ishirini haisahau kwa siku moja. Wakati huo wake zao walikuwa wamekwisha kulima mashamba ya watu kwa ujira wa mihogo, wakauza ufuta na chumvi sokoni, wakazijua bei za pande zote za mpaka. (Hotuba nyingi hulipita jambo hili kimya, wala si haki.) Mume mwenye akili alifundishwa jembe na mkewe, asione haya.

Kuanzia mwaka 1986 wengi walirejea, wakakuta viwanja vimemezwa na majani. Wa makamo hakuweza kuanza kama kijana, maana kiuno kilikwisha kumpa habari. Wala hakuanza mikono mitupu. Aliyekuwa dereva wa jeshi alijua kutengeneza lori lililoharibika njiani. Karani wa bohari alijua kuandika daftari ambalo hesabu zake hazigombani, na msikiti wowote wenye michango humhitaji mtu kama huyo. Na kile Kiswahili cha amri kikawa cha kupatana bei na wachuuzi wa Ariwara, ng'ambo ya pili, ambako sauti ya sajini haimtishi mtu, hata ikabidi ijifunze upole.

Kazi hizo ni ndogo kuliko ile ya zamani, na hakuna haja ya kulificha hilo. Hazina gwaride wala nishani. Lakini alfajiri, saa ambayo tarumbeta ilikuwa ikimwamsha kambini, mtu huyo amekwisha kuswali na yumo katika mtama wake, na mkewe amemtangulia mistari miwili.