MATEMBEZI YA JAMAA YASIYO NA GHARAMA WAKATI WA KIPUPWE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mbamba Bay)



Bwana Katibu aliponijia kuniomba niseme neno, nilimwuliza kama ataka habari za mishahara au habari za vyeo, maana hayo ndiyo tuyasemayo siku zote. Akanijibu ya kuwa hayo yana wasemaji tele, lakini habari za namna tuishivyo na wake zetu na watoto wetu hazina msemaji. Nikakubali upesi, na tangu siku ile nimejuta, kwa kuwa siwezi kuzisema pasipo kutaja makosa yangu mwenyewe.

Wengi wetu hapa ni wageni. Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilipotengwa na Mbinga, mji huu ukawa makao yake makuu, ofisi zikaongezeka, na watumishi wakaja kwa barua za uhamisho kutoka kila upande wa nchi. Mtu aliyeletwa kwa barua hukaa mahali kama mtu akaaye juu ya benchi la stendi, akingoja barua nyingine imwondoe. Mchana yu ofisini. Jioni yu pamoja na mabwana wenzake. Mkewe asiyejua lugha za hapa hukaa uani na watoto. Ikifika Jumapili naye akabaki nyumbani, yeye na watoto wake hutazamana kama abiria wa basi moja, kila mmoja akingoja kushuka. Msidhani nawasema ninyi. Nawaeleza nyumba yangu.

Katika mwaka wa pili wa kukaa kwangu hapa watoto waliomba matembezi. Mimi nilidhani ya kuwa matembezi ni kitu kinunuliwacho, kama sukari. Basi nikaenda kwa mtu akopeshaye kwa riba, nikachukua fedha, nikawapandisha basi watu sita wa nyumba yangu kwenda mjini huko juu milimani. Tulilala siku mbili katika nyumba ya wageni. Tukanywa soda, tukala viazi vya kukaanga, tukapigwa picha. Wala sikukumbuka kuchukua masweta, na baridi ya huko wakati huu mnaijua. Mtoto mdogo alirudi na kikohozi. Deni lile nililimaliza kwa miezi mitano. Nasema nililimaliza mimi, lakini kwa kweli mlipaji alikuwa mama yao, maana ni yeye aliyepunguza mafuta katika sufuria na sukari katika chai, nami nikala bila kuuliza.

Jioni moja nikamwuliza mwanangu wa nne ni kitu gani kilichompendeza katika safari ile. Nilitazamia ataje picha au soda. Akasema, “Ni pale kwenye kona za mlima, basi lilipokwenda polepole, tukaliona ziwa lote chini.” Kisha akauliza kwa nini hatuendi kwenye maji yale. Na nyumba yangu, mabwana, ipo mbali na maji yale kiasi cha mtu kuita na kuitikiwa. Sikuwa na jibu. Mke wangu alikuwapo akipepeta mchele, naye hakusema neno. Lakini ungo ulisimama kidogo mikononi mwake.

Basi tangu hapo nilianza kuuliza watu wa hapa, Wanyasa wenyewe, habari za mahali pao, nami nitawapa yale niliyojifunza.

Kwanza ni habari ya majira. Kipupwe kikielekea mwisho, yaani mwezi wa Agosti, ndio wakati uliobora kwa kutembea na watoto. Matope ya masika yamekwisha kukauka, miembe imeanza kuchanua, na kazi za shamba zimepungua. Wenzetu wa Mbinga na nchi ya Wamatengo bado wanaota moto, lakini sisi tu chini, maana ziwa letu liko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na jua la asubuhi huwa kama blanketi. Adui ni mmoja, nao ni mwera. Upepo huu hutoka kusini-mashariki, huvuma pengine siku tatu au nne mfululizo, na huinua mawimbi yawezayo kupindua mtumbwi wa mtu mzoefu, sembuse wa karani. Kwa hiyo nendeni asubuhi, tena tazameni wavuvi kabla ya kuyatazama maji. Ukiona mitumbwi imelazwa mchangani, na wenyewe wameketi wakitengeneza nyavu, ujue ya kuwa maji ya siku ile ni ya kutazamwa tu. Katika habari hii sitaki mabishano: kumpakia mkeo na watoto katika mtumbwi uliojaa, kwa ajili ya kujifurahisha tu, wakati wa mwera, ni ujinga. Ziwa hili lina kina cha mita mia saba penye kina kirefu, hata sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita mia mbili. Askofu Chauncy Maples wa misheni ya U.M.C.A., mtu aliyelifahamu vema ziwa hili, alizama humu mwaka 1895, na jina lake likapewa meli ya misheni iliyoshushwa majini mwaka 1901.

Lakini ukingoni hapana gharama, na kwa kujihadhari hapana hatari kubwa. Nendeni penye mawe, maji yakiwa yametulia na jua limekwisha panda. Mketishe mtoto juu ya jiwe, mwambieni anyamaze atazame chini. Ataona samaki wadogo, wa buluu, wa manjano, wa milia, wakila ukoga juu ya mawe kama mbuzi walavyo majani. Katika ziwa hili mna mamia ya aina za samaki wasioonekana katika ziwa lingine lo lote duniani. Wengi wao mama huweka mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na katika aina nyingine hata baada ya kuanguliwa watoto huogelea karibu naye, na hatari ikija hukimbilia tena kinywani mwake. Binti yangu alipoambiwa hayo hakuondoka juu ya jiwe mpaka adhuhuri. Samaki hao hao hukamatwa na kusafirishwa Ulaya na Marekani, na watu wa huko hutoa fedha nzuri, wakanunua na masanduku ya vioo na taa, wapate kuketi jioni pamoja na watoto wao kuwatazama. Sisi tunao bure, na mlango wa nyumba tumeufunga.

Kuhusu kuoga, yapasa niseme wazi. Ogeni penye mchanga mweupe na mawimbi. Msiwaache watoto waingie penye matete, wala penye maji yaliyosimama, wala midomoni mwa mito. Maana katika majani hukaa konokono waletao kichocho, na midomo ya mito ni mahali pa mamba. Mtoto akionekana kukojoa damu apelekwe hospitali, asipewe maneno ya kwamba ni jua. Tena, pawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu watoto tu. Sisi makarani twajisifu kwa kuhesabu; mimi naweza kukuambia katika ofisi yangu mna majalada mangapi, lakini siku ya kwanza pwani mke wangu aliniuliza watoto wa jirani tuliokuja nao ni wangapi, nikasema watano, kumbe sita. Wa sita alikuwa nyuma ya jiwe, salama. Tangu siku ile huhesabu kwa sauti, na watoto hunicheka.

Kuna matembezi mengine ya usiku, nayo hayahitaji hata kikapu. Katika siku za giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao. Dagaa, ambao ng'ambo Malawi huwaita usipa, huifuata nuru, ndipo nyavu hutiwa chini yao. Ukisimama ufukweni saa mbili ya usiku utaona taa zimejipanga juu ya maji, hata mgeni huuliza ule ni mji gani. Wavisheni watoto nguo nzito, waketisheni mchangani nusu saa, kisha warudi wakalale. Alfajiri wale wakubwa wanaweza kurudi na mama yao kuona mitumbwi ikishusha, na kununua kitoweo palepale. Basi mwaona ya kuwa hapo matembezi na soko ni kitu kimoja.

Tena kuna ngoma. Mavuno yakiisha, vijiji vya ufukoni huchezeana mganda kwa wanaume na kioda kwa wanawake, na kikundi cha kijiji kimoja hualikwa na kingine. Mganda si ngoma ya kurukaruka ovyo. Wachezaji hujipanga mistari kama askari katika gwaride, mavazi yao safi, hatua moja, na sababu yake ni kwamba ngoma hizi zilichukua mengi katika gwaride la askari wa Kizungu, hasa wakati wa vita vya 1914 hata 1918. Nyimbo zao zina habari za mwaka mzima, na mara nyingine zina habari zetu sisi watu wa ofisini. Kwa hiyo yafaa uende na mtu wa kukufasiria, ujue kama umesifiwa au umetukanwa. Kiingilio hapana. Mgeni hupewa mahali pa kukaa kivulini.

Atakayekuwa na nauli kidogo, mara moja katika kipupwe, na awapeleke watoto Liuli, kaskazini ya hapa. Huko liko jiwe kubwa majini liitwalo Pomonda, nalo Wadachi waliliona limefanana na sanamu ya kale ya Misri, mnyama mwenye kichwa cha mtu, wakapaita mahali pale Sphinxhafen. Mwaka 1914 meli yao ya kivita, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale kwa matengenezo. Tarehe 13 Agosti ikaja meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, nahodha wake Rhoades, ikaipiga kwa mzinga. Nahodha wa Kidachi, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nao walizoea kunywa pamoja. Wala habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Akapanda mashua ndogo, akaenda amekasirika kuuliza rafiki yake amepatwa na nini, akachukuliwa mateka. Watoto hupenda sana habari hii, na mimi nawaambia ya kuwa baba zetu wa ufuko huu hawakuulizwa neno na nahodha ye yote kati ya hao wawili, na baada ya mizinga kunyamaza ni wao waliobeba mizigo ya vita.

Sasa najua neno mtakaloniambia, maana nimekwisha kuambiwa ofisini. Mtaniambia, je, mtu mwenye cheo aonekane ameketi mchangani akila muhogo wa kuchoma pamoja na wavuvi? Heshima yake itakuwaje kesho atakapokuja mvuvi yule kuomba leseni? Nami najibu ya kuwa mvuvi yule aliponiona na watoto wangu, ndipo kwa mara ya kwanza alipoingia ofisini mwangu pasipo kuvua kofia mara tatu, akanieleza shauri lake vizuri, likaisha kwa siku moja. Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka 1922, walikuwa watu wenye kola ngumu kuliko zetu, nao pia wengi walikuwa mbali na kwao. Lakini walitambua ya kuwa mtu hawezi kuishi kwa ofisi peke yake, akawa hana wenzi.

Neno lingine ni la kwetu wanaume, na mabibi waliopo wataniwia radhi nikilisema badala yao. Matembezi ambayo mama huamka saa kumi kupika, akabeba sufuria kichwani na mtoto mgongoni, akafika pwani akapika tena, huku bwana ameketi kivulini na simu yake, hayo si matembezi, ni kazi iliyohamishwa mahali. Kuni abebe mwanamume. Moto awashe mwanamume. Samaki achomwe na mwanamume. Akiungua si kitu, ataliwa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo mke wangu alikwenda akaketi juu ya jiwe, miguu majini, akakaa kimya muda mrefu akitazama milima ya ng'ambo, maana siku ile ilikuwa wazi. Kisha akaniambia ya kuwa tangu tuhamie hapa alikuwa hajapata kuliona ziwa ila kupitia uwazi wa ua.

Bwana Rais, muda wangu umepita. Nimeafikiana na Bwana Katibu kwamba Jumamosi ijayo, mwera ukiwa umetulia, jamaa zote zitakazopenda zikutane ufukweni saa moja na nusu ya asubuhi, chini ya miembe. Hapana mchango wa fedha. Kila nyumba ilete muhogo au viazi vyake, chumvi, na kikombe kwa kila mtu. Mimi nitaleta sufuria kubwa na kuni. Watakaohesabu watoto ni mimi na Bwana Mweka Hazina, yeye wasichana nami wavulana. Na mvua wala haitazamiwi. Ukivuma mwera, tutakwenda Jumamosi inayofuata.