Alama na Taa za Barabarani Mjini: Ajali Ina Kinga

(Mazungumzo tuliyoyatoa katika semina ya wazee wa sharika, walimu wa shule za msingi, akina mama na vijana waendesha bodaboda.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya alama na taa za barabarani katika miji yetu. Huenda baadhi yenu mnajiuliza, je, hilo si jambo la madereva na trafiki? Idara ya miradi inahusikaje?

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kutokana na ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Kwa maneno mengine, ni mtoto anayekwenda shule, mama anayepeleka ndizi sokoni, na kijana wa bodaboda pamoja na abiria wake. Hao ndio watu tunaowahudumia katika miradi yetu. Haina maana kumlipia mtoto ada na kumjengea darasa, halafu tusijali jinsi anavyovuka barabara kulifikia darasa hilo.

Katika misiba tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Ni neno la faraja kwa wafiwa na hatulipingi mahali hapo. Lakini likigeuzwa kuwa kanuni ya maisha, linatufanya tukae bila kufanya lolote. Alama ya barabarani ni kinga. Taa ni kinga. Mistari myeupe ya kivuko ni kinga. Leo tuangalie kinga hizo zinafanyaje kazi, na ni nani anapaswa kuzilinda.

Sheria na lugha ya alama

Nchini Tanzania matumizi ya barabara yanaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Sheria hii ndiyo inayokipa nguvu kibao kilichosimama kando ya barabara. Dereva anayekipuuza amevunja sheria, hata kama hakuna askari karibu na hata kama hakuna aliyeumia.

Alama zilitengenezwa ili hata asiyejua kusoma azielewe, kwa umbo na rangi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inatoa tahadhari: mbele kuna kona, kuna watoto, kuna tuta. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza au linaweka kikomo, kwa mfano mwendo usizidi 50. Duara la buluu linaamuru. Alama ya kusimama ina pembe nane, na pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini inakutaka umpishe mwenzako. Maumbo haya mawili yalifanywa ya pekee ili yatambulike hata kibao kikiwa kimejaa vumbi au kikionekana kwa nyuma. Nchi za Kusini mwa Afrika zilizo katika jumuiya ya SADC zina mwongozo wa pamoja wa alama, na hivyo dereva wa lori anayetoka Zambia au Malawi hahitaji mkalimani anapoingia Mbeya.

Tunawaomba walimu mliopo hapa mfundishe watoto kwa umbo na rangi kwanza, maneno baadaye.

Taa tatu, na askari

Nyekundu ni simama. Kijani ni nenda, iwapo njia ni salama. Tatizo letu kubwa ni njano. Maana yake ni simama, isipokuwa kama umeshakaribia mno kiasi kwamba kufunga breki ghafla kutaleta hatari. Lakini wengi wetu huiona njano kuwa ni amri ya kukanyaga mafuta. Vijana wa bodaboda, hili linawahusu. Taa nyekundu haikuwekwa kwa ajili ya magari peke yake. Inasimamisha kila chombo chenye magurudumu, ikiwa ni pamoja na pikipiki, bajaji, baiskeli na mkokoteni.

Lipo jambo jingine ambalo halifundishwi vya kutosha. Askari wa usalama barabarani akisimama kwenye makutano na kuongoza kwa mikono, ishara zake hutangulia taa. Taa nazo hutangulia kibao. Katika miji yetu yenye foleni, hasa Dar es Salaam, ni kawaida kuona askari akiyaruhusu magari huku taa ikiwa nyekundu. Dereva anaelewa. Mtoto aliyefundishwa shuleni kwamba nyekundu husimamisha magari haelewi, naye anaingia barabarani kwa imani kamili. Hivyo basi tuwafundishe watoto wasiitazame taa peke yake. Watazame magurudumu. Kama magurudumu hayajasimama, mtoto asivuke.

Kwenye kivuko cha pundamilia napo ni vivyo hivyo. Gari moja likisimama, la pili huweza kutokea ubavuni na kulipita. Daladala ni refu, mtoto ni mfupi, na dereva wa pili hamwoni hadi ameshafika mbele yake. Dereva unapoona mwenzako amesimama kwenye kivuko, usiulize amesimamia nini. Simama nawe.

Kwa nini kibao kinasema 50?

Sheria yetu imeweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Wapo wanaodhani kibao hicho kimewekwa ili askari wenye tochi wapate pa kujificha. Tupige hesabu pamoja. Gari lililo katika mwendo wa 50 hupita takriban mita 14 kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto, sekunde nzima hupita kabla mguu haujaifanyia kazi breki, na gari huhitaji mita nyingine kama 14 ili lisimame, tena kwenye lami kavu na breki nzima. Jumla ni mita 28. Katika mwendo wa 30, jumla hiyo ni mita 13 tu. Mtoto akitokea ghafla mita 15 mbele ya gari, dereva wa 30 atasimama kabla hajamfikia. Dereva wa 50 atakuwa ndiyo kwanza anaanza kugusa breki.

Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwezi Februari 2020 ulipendekeza mwendo usiozidi kilomita 30 mahali ambapo magari na watu huchangamana. Mbele ya shule 50 ni kikomo cha juu. Si mwendo wa lazima.

Nani anaweka alama?

Hapa ndipo sharika nyingi hukwama, zikaandika barua ambazo hazijibiwi. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, ulioanza mwaka 2017. Kabla ya hapo, barabara hizo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na bado wapo wanaopeleka maombi huko wakidhani utaratibu haujabadilika. Kwanza ulizeni barabara yenu ni ya nani.

Tumeona mahali wananchi, kwa uchungu wa kugongewa mtoto, wamejenga tuta wao wenyewe usiku kwa mawe na udongo. Uchungu huo tunauelewa. Lakini tuta lisilo na kibao wala rangi humwangusha mwenye pikipiki gizani, naye pia ni mtoto wa mtu. Msijenge tuta wala kuchora kivuko bila kibali cha wenye barabara.

Njia inayofaa ni barua. Ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata na diwani, iende kwa meneja wa TANROADS au TARURA, nakala kwa polisi wa usalama barabarani. Isiseme tu kwamba barabara ni hatari. Iseme watoto wangapi wanavuka, saa ngapi na mahali gani, na ajali zilizotokea zilikuwa lini. Hesabuni siku tatu, asubuhi na jioni, mchore na ramani ndogo. Barua yenye hesabu ni vigumu kuiweka kando.

Kwamba kazi ya namna hii huzaa matunda si ndoto. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilikagua maeneo ya shule na kuweka njia za miguu, matuta, vivuko na alama. Utafiti ulionyesha kwamba majeraha ya wanafunzi barabarani yalipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Vifaa vyenyewe vilikuwa zege, rangi na vibao.

Wajibu wetu

Kibao kikishawekwa, kinahitaji mlinzi. Vibao vinang'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Katika ziara zetu tumeikuta nguzo tupu mbele ya shule, kibao cha watoto kimeondoka. Kung'oa alama ni kosa la jinai, na anayenunua kibao kwenye mizani ya chuma chakavu anajua anachonunua. Wazee wa sharika, lisemeni hili hadharani.

Aidha, tuangalie yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tusibandike matangazo ya semina, harambee wala mikutano ya injili kwenye nguzo za alama. Tukate matawi ya miti yetu yanayoziba vibao. Tuwaombe wafanyabiashara wasogeze miamvuli yao. Kila shule iombe polisi wawafundishe wanafunzi wakubwa na walimu namna ya kuwavusha wadogo kwa kibao cha kusimamisha magari.

Kwa kumalizia, tunapendekeza kila usharika uliowakilishwa hapa uteue watu wawili. Katika mwezi mmoja ujao, wawili hao watembee kwa miguu kutoka kanisani hadi shule iliyo karibu, waandike kila alama iliyopo, iliyofifia na iliyoibwa, kisha walete orodha hiyo ofisini kwetu. Barua tutawasaidia kuziandika. Kuzifuatilia itakuwa kazi ya wote.